Kiboksi, bahasha, alam au kalenda ya ukutani: dawa za kila siku uzipange na nini

Baba yangu alipewa dawa ya presha mara mbili jioni moja, na wote wawili waliompa walikuwa wanamjali. Mama alimpa baada ya swala ya Magharibi akatoka kwenda msibani kwa jirani, wifi yangu akarudi kutoka sokoni akakuta bahasha za dawa ziko mezani, akaona mzee bado hajameza, akamletea maji na vidonge, na baba ni askari mstaafu, kitu akiletewa na mtu wa nyumbani anapokea, hakuuliza. Usiku alipoamka kwenda chooni kichwa kikamzunguka, miguu ikaisha nguvu, akakaa chini kwenye korido mpaka tukamsikia. Presha ilikuwa imeshuka sana. Akalala kituo cha afya, asubuhi akarudi nyumbani, Alhamdulillahi.

Tuko Bombo, Uganda, nyumba yetu ina watu wengi, wajukuu, wageni, kila mtu anaingia anatoka. Tangu siku ile nimejaribu karibu kila njia ya kupanga dawa, zingine zimetusaidia, zingine nimeziacha, na nimeona watu wengi wananiuliza ninunue kile kiboksi cha kupangia vidonge ama alam ya simu inatosha? Sasa naandika yote hapa tulinganishe vizuri.

Kitu nilichochelewa kujua ni kwamba makosa ya dawa hayafanani. Kuna kusahau, yani saa imepita na dawa haijamezwa. Kuna kurudia, umemeza alafu umesahau kama umemeza, ama kama kwetu watu wawili wamekupa. Na kuna kuchanganya, umemeza ya jioni asubuhi ama umemeza mbili badala ya moja. Kila njia inazuia kosa lake, kwa hiyo kabla hujatoa pesa kaa kwanza uangalie nyumbani kwenu mnakosea wapi. Mimi nilikimbilia alam kwa sababu niliisikia kwa watu, na sisi shida yetu haikuwa kusahau hata siku moja, shida yetu ilikuwa kurudia.

Tuanze na hali ambayo wengi wetu tuko nayo, dawa kwenye bahasha ndogo za hospitali zikiwa zote ndani ya kaveera moja, mfuko wa plastiki, limening'inizwa msumarini. Hakuna gharama, lakini naona hapa ndipo makosa mengi yanazaliwa. Bahasha zinaandikwa 1x2, 2x1, 1x3, na kwetu namba ya kwanza mara nyingi ni idadi ya vidonge na ya pili ni mara ngapi kwa siku, sasa mtu ambaye hajaelezwa anasoma 1x2 anafikiri ni viwili kwa mara moja. Kalamu inafutika kwa jasho la mkono. Na vidonge vyenyewe vingi ni vyeupe vya duara, alafu mwezi ujao unapewa dawa ile ile kutoka kampuni nyingine, jana ilikuwa ya njano leo ni nyeupe, mzee aliyezoea "ile ya njano asubuhi" anapotea kabisa. Msifundishe wazee rangi jamani, wafundisheni jina la dawa na kazi yake, hata kama ni "nifedipini ya presha, metformini ya sukari", wanaweza, baba amezidi miaka sabini na anazitaja zote.

Ukiwa bado kwenye bahasha, basi angalau pale dirishani kabla hujaondoka mwambie anayekupa dawa akuandikie kwa maneno, moja asubuhi moja jioni baada ya kula, na kwa asiyesoma achore jua na mwezi. Haichukui hata dakika.

Sasa kiboksi. Hiki cha plastiki chenye vyumba saba, kimoja kwa kila siku, ama kikubwa zaidi chenye vyumba viwili mpaka vinne kwa siku, asubuhi, mchana, jioni, usiku. Famasi kubwa za Kampala vinapatikana, huku kwetu ni mpaka umuagize mtu. Uzuri wake ni mmoja na ni mkubwa sana, kinakujibu swali la "nimemeza ama sijameza?" bila kubishana na mtu. Unafungua chumba cha Jumanne jioni, kama kiko tupu basi dawa imemezwa, kama vidonge vipo basi bado. Kingekuwepo usiku ule wifi yangu angekiona kitupu na angemwacha mzee apumzike. Kwa kosa la kurudia sijaona kitu kinachokishinda.

Lakini kiboksi kina mambo yake na watu hawayasemi. La kwanza, hakikukumbushi kitu, kinakaa kimya hapo kabatini, kama shida yako ni kusahau utakuta Alhamisi imejaa na leo ni Ijumaa. La pili, yule anayekijaza ndiye ameshika kila kitu, akikosea Ijumaa wakati wa kujaza basi kosa linarudiwa siku saba mfululizo na kila mtu anaamini boksi. Sisi ninajaza mimi alafu mama anahesabu kila chumba, asubuhi vitatu, jioni viwili, na tunajaza mchana kwenye mwanga, wala hatujazi huku tunaongea kwenye simu.

La tatu ndilo zito, si kila dawa inataka kutolewa kwenye paketi yake. Nifedipini kwa mfano haipendi mwanga, na viboksi vingi ni vya plastiki ya kuona ndani. Dawa za ARV, zile za virusi vya UKIMWI, zinakuja kwenye kopo lenye kile kipakiti kidogo cha kunyonya unyevu, ukizimwaga kwenye boksi kinga hiyo unaiacha kwenye kopo. Vidonge vya moyo vya kuweka chini ya ulimi vinabaki kwenye chupa yake ya glasi, havihamishwi. Dawa za maumivu ambazo unameza ukiumwa tu usiweke humo kwa sababu hazina siku yake. Na dawa ya malaria usiihamishe, pakiti ya Coartem ya mtu mzima ina vidonge 24, vinne kwa mara moja, mara mbili kwa siku, siku tatu, dozi ya pili inafuata masaa manane baada ya ya kwanza, ile pakiti yenyewe imeshapangwa, ukiibomoa unajitafutia hesabu ya bure.

Kuna ujanja wa kukata paketi kwa mkasi, unaweka kipande na kidonge chake kikiwa bado kimefungwa ndani ya chumba cha siku. Mimi nilifanya hivyo kwa ile nifedipini na inafanya kazi, ila nisikilizeni vizuri, mzee mwenye macho mabovu anaweza kukimeza kipande kizima na karatasi yake, zile kona zinakata koo na utumbo, imeshatokea kwa watu na wengine wakapasuliwa. Kwa hiyo fanya hivyo tu kama kuna mtu wa kukitoa kidonge kwenye karatasi na kukiweka mkononi mwa mgonjwa. Kama mzee anaishi peke yake, usikate.

Na boksi za bei rahisi zinafunguliwa na mtoto wa miaka miwili. Kama nyumbani kuna mama mjamzito anameza vile vidonge vya damu, vya madini ya chuma, vyekundu vinang'aa kama peremende, vichache tu vinaweza kuua mtoto mdogo. Boksi ikae juu kabisa ambapo mkono wa mtoto haufiki hata akipanda kiti, sio juu ya friji ambapo jiko liko karibu na joto linapanda, sio karibu na sigiri ya mkaa, sio dirishani. Dawa nyingi zimeandikwa zikae chini ya nyuzi 30 na mabati yetu saa sita mchana yanazidisha.

Asiye na pesa ya kiboksi, ama amekikosa, atengeneze bahasha za nyumbani. Shangazi yangu wa Arua anafanya hivi miaka na miaka, ana bahasha ndogo 14, saba amezichora jua na saba mwezi, amezipanga kwenye mkebe wa biskuti, kila asubuhi anatoa moja ya jua, kila jioni moja ya mwezi, na ile tupu anaigeuza anairudisha nyuma. Ukilinganisha na kiboksi, kazi ni ile ile ya kujibu "nimemeza?", mwanga hauingii, na yeye hajui kusoma lakini bahasha hazijawahi kumchanganya. Kinachozidi kwenye kiboksi ni kwamba kinafungika vizuri na hakilowi, karatasi wakati wa mvua inavuta unyevu na kuna mende, kwa hiyo bahasha zijazwe za wiki moja tu, usijaze za mwezi. Ukiniuliza mimi, mwenye vidonge viwili vitatu kwa siku na macho mazuri asihangaike na plastiki, hizi bahasha zinamtosha kabisa.

Alam ya simu sasa. Hii ndiyo dawa ya kusahau, na kila simu inayo mpaka ile ndogo ya tochi, na ni bure. Lakini mimi imenionyesha shida moja ambayo ni yetu sisi watu wa lugha hii. Shangazi aliambiwa ameze saa mbili asubuhi, kijana wa jirani akamwekea alam 2:00, simu ikalia saa nane usiku, akaamka akameza kwa sababu alam imelia. Siku tatu hivyo mpaka tukagundua. Sisi tunahesabu saa mbili, simu inahesabu 8:00, na saa mbili usiku ni 20:00, hata Waganda wanahesabu saa kama sisi kwa hiyo si Waswahili peke yao wanaoangukia hapa. Ukimwekea mtu alam, muulize jua liko wapi wakati huo, limetoka ama limezama, alafu ndio uweke.

Shida nyingine ya alam ni kwamba inakwambia saa imefika lakini haijui umefanya nini baada ya kuizima. Unaizima uko bodaboda, unasema nikifika, ukifika unakuta wageni, masaa matatu baadaye unajiuliza nilimeza ama niliizima tu? Hapo ndipo mtu anarudia. Na simu inazimika, umeme ukikatika siku mbili hata alam haipo. Mimi naiona alam kama nusu ya kazi, yenyewe inakuita na boksi ama bahasha inathibitisha. Ukiwa na alam peke yake na una dawa nne tofauti bado hujajikinga.

Ila kuna mtu mmoja ambaye alam inamfaa kuliko vyote, anayemeza kidonge kimoja kwa siku. ARV wengi siku hizi ni kidonge kimoja tu chenye dawa tatu ndani yake, hakuna cha kuchanganya, kinachobaki ni kutosahau, basi kopo lake likae lilivyo na alam ilie saa ile ile kila siku. Jina la alam si lazima liwe dawa, andika "chai", andika "mtoto", simu ikilia mbele ya watu hakuna anayejua mambo yako. Najua wengine wanahamisha vidonge kwenye kikopo kingine kwa sababu lile kopo likitikisika kwenye mkoba linalia na watu wanajua, hiyo hofu ni ya kweli wala siwezi kumlaumu mtu, ila usiamue peke yako, muulize mshauri wa kliniki yako unaweza kutoa vidonge vya siku ngapi na viwekwe kwenye kitu gani, wameshawasaidia wengi na jambo hili.

Kalenda ya ukutani ndiyo sikuitarajia. Ile ya bure tunayopewa dukani mwisho wa mwaka, unaitundika karibu na dawa, peni unaifunga na uzi hapo hapo isitembee, na kila dozi ikimezwa unatia alama, mstari wa asubuhi upande huu, wa jioni upande huu, na herufi ya aliyetoa. Kwa nyumba yenye watu wengi kama yetu hii inaongea na wote, mama akiondoka wifi anaona M imeandikwa, anajua. Ukiilinganisha na kiboksi, kiboksi kinaonyesha wiki hii tu na ukijaza upya historia imefutika, kalenda inabaki. Siku ya kliniki mimi naipiga picha namwonyesha daktari, mara ya mwisho aliona jioni za Jumapili zimeruka karibu zote, kumbe Jumapili mzee analala kwa kaka na dawa hazimfuati. Daktari alikuwa anataka kumwongezea dozi akidhani dawa haifanyi kazi, na kumbe zilikuwa hazimezwi.

Udhaifu wake ni uaminifu. Alama itiwe baada ya maji kushuka kooni, sio wakati unaenda kuchukua maji. Na wajukuu wanapenda peni, wiki moja mmoja wa P2, darasa la pili, alitujazia alama mpaka mwezi ujao.

Njia ya mwisho ni mtu. Kwa mzee ambaye akili imeanza kusahau majina ya watoto wake, achana na alam achana na kalenda, anahitaji mtu wa kumpa mkononi na kumtazama anameza. Hapa boksi inabaki lakini ni ya yule mtu, si ya mzee. Awe mtu mmoja anayejulikana na wa pili wa akiba, mkiwa watano mnaosaidiana mtamrudishia usiku kama ule wetu. Kupiga simu kutoka Kampala, "baba umemeza?", ni mapenzi mazuri lakini si njia, kaka yangu alikuwa anapiga kila jioni na baba anajibu nimemeza mwanangu ili asimtie wasiwasi. Ukipiga, mwambie afungue kiboksi akuambie ndani kuna nini. Na mtu asiyeweza kumeza kidonge kizima, usimsagie kwenye uji kabla hujauliza, vile vinavyotoa dawa polepole mwilini ukivisaga dawa ya siku nzima inaingia kwa mara moja.

Kwa hiyo mimi nikiulizwa nachagua hivi. Unakaa peke yako, unafanya kazi, kidonge kimoja kwa siku, weka alam basi. Vidonge viwili vitatu asubuhi na jioni, bahasha za jua na mwezi pamoja na alam. Kuanzia vinne na kuendelea, ama presha na sukari pamoja, kiboksi cha asubuhi na jioni ununue hata kwa kujibana, na kabla hujakijaza peleka paketi zote famasi uulize ipi inaingia na ipi haiingii. Nyumba ya watu wengi, ongeza kalenda. Hizo programu za simu kubwa za kukumbusha dawa ni nzuri kwa kijana, kwa mzee wangu sikuona zinaongeza kitu juu ya alam.

Ukichagua yoyote, kuna daftari. Lile daftari la shule tunalokwenda nalo hospitali, ukurasa wa nyuma andika dawa zote unazomeza, za kliniki hii na ile, za famasi, za mitishamba pia. Watu wanachukua ARV sehemu moja na dawa ya sukari sehemu nyingine na hakuna anayejua ya mwenzake, na dolutegravir, dawa iliyomo kwenye ARV nyingi za siku hizi, inapandisha metformini kwenye damu, kwa kawaida metformini haivuki miligramu 1000 kwa siku kwa mtu anayemeza zote mbili. Vidonge vya madini ya chuma na kalsiamu pia vinaizuia dolutegravir isiingie vizuri, ukimeza pamoja iwe na chakula, ama dolutegravir itangulie masaa mawili kabla au isubiri masaa sita baada. Hakuna boksi itakayokwambia hayo, daftari ndilo litamwambia daktari.

Na dozi ikikupita, usimeze mbili kufidia. Dawa nyingi unameza ukikumbuka, isipokuwa kama saa ya dozi inayofuata imekaribia, hapo unaiacha na unaandika kwenye kalenda kwamba imepita. Za sukari uulize kabisa mapema, kwa sababu kama glibenklamidi ukiimeza bila kula sukari inaweza kushuka mpaka mtu akazimia.

Hilo linanipeleka kwenye Ramadhani, maana ratiba yote inageuka. Usibadilishe vyumba vya boksi mwenyewe, asubuhi kuwa daku na jioni kuwa futari, ukadhani umemaliza. Nenda wiki kadhaa kabla mwezi haujaandama, daktari anaweza kupunguza dozi ya daku, anaweza kubadilisha dawa, na kuna wengine anawaambia wasifunge na Mungu amewaruhusu. Sisi akishatupa ratiba mpya tunabandika karatasi juu ya boksi, FUTARI, DAKU, kwa herufi kubwa, na alam zinafutwa zote zinawekwa upya ili ile ya saa mbili asubuhi isilie mtu amefunga akameza kwa mazoea.

Mwezi ujao tunampeleka baba Arua kwa shangazi, basi linapita hapa Bombo kwenda Karuma, safari karibu siku nzima. Kiboksi kitakaa kwenye mkoba wangu mapajani, sio kwenye buti ya basi kwenye joto, paketi zake na daftari ziko pamoja, na vidonge vya siku tatu zaidi kama basi litaharibika njiani.